Ubeti mmoja kwa wiki unatosha

Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki dunia yapata mwaka 1840. Diwani yake ilichapishwa mwaka 1940. Katika kipindi hicho kirefu, nyingi ya tungo zake zilikaa vifuani mwa watu waliozijua kwa ghaibu, hadi Mwalimu Sikujua na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor walipozikusanya kwa maandishi mwishoni mwa karne ya 19.

Kiswahili kina neno moja, kuhifadhi, kwa kutia maneno moyoni na kwa kutunza kitu kisipotee. Lakini shuleni neno lililoshika ni kukariri, na Tanzania limekuwa lawama: aliyekariri ni yule asiyeelewa.

Lawama hiyo ina msingi. Hata hivyo, tumekimbilia upande wa pili. Mwanafunzi wa sekondari huhesabu mizani, akataja vina, bahari na dhamira ili ajibu mtihani, kisha akamaliza shule hana hata ubeti mmoja wa kumghania mdogo wake. Kenya ina mashindano ya shule ambako mashairi hughaniwa jukwaani, ila wanaopanda jukwaa ni wachache waliochaguliwa.

Ushairi wetu uliumbwa ukumbukike. Utenzi una vipande vinne kila ubeti, mizani nane kila kipande. Vipande vitatu vya kwanza hulingana vina. Cha nne hubeba kina kinachorudi hadi mwisho. Ndivyo Mwana Kupona wa Pate alivyomuusia binti yake mwaka 1858. Ukidondosha silabi moja, sikio linagundua kabla ya mwalimu.

Faida hiyo ni kubwa zaidi kwa majirani wanaokipokea Kiswahili sasa. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliazimia kifundishwe kwa lazima shuleni. Mtoto wa Mbarara au Huye ambaye hakisikii nyumbani hutaabika na upatanisho wa ngeli. Ubeti aliouhifadhi humwachia sentensi kamili mdomoni, anayoweza kuirudia akichota maji au akienda shule, bila kitabu.

Uteuzi ndio wenye kazi. Washairi hufupisha maneno na kupindua mpangilio wake, na tenzi za kale zina Kiamu kinachomtatiza hata mzaliwa wa Dar es Salaam. Anayeanza apewe tungo nyepesi za lugha ya leo. Mwalimu aeleze maana kwanza, darasa lighani pamoja, ndipo kila mtoto ajaribu peke yake. Tungo za kale zitafuata akishaizoea lugha.

Ubeti mmoja kwa wiki hauhitaji bajeti wala mtaala mpya. Kwa mwaka wa masomo mtoto atakuwa na beti zaidi ya 30, na anayezijua Kampala ataweza kuzighani na mwenzake wa Tanga.