Dola milioni 300 kwenye kioo cha inchi 32

Filamu ya Fast X ilitoka Mei 2023 ikiwa imekula takriban dola milioni 340, fedha za matangazo hazimo. Kiwengwa, pwani ya kaskazini-mashariki ya Unguja, picha za namna hii hufika ndani ya flashi. Mara nyingi zimeshatafsiriwa, na sauti ya mtu mmoja inaigiza steringi, adui, bibi harusi na hata breki za gari. Studio iliyozitengeneza haiambulii senti. Hata hivyo wapo wanaokula kwazo, na hesabu yao inaeleza kwa nini Hollywood ya miaka hii inahangaika.

Niseme mapema kwamba mimi si mhakiki. Ni mtazamaji wa kawaida, wa usiku wa mapumziko, anayetaka kujua nani kamfanya nani nini na mwisho wake ukoje. Wengi wa wateja wa biashara hii ni kama mimi.

Kiwengwa hakuna jumba la sinema. Kuna ukanda wa mahoteli uliojengwa zaidi kwa wageni wa Kitaliani, kuna kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani, na kuna vyumba vya kupanga vilivyojaa wahudumu, walinzi, wapishi na mafundi kutoka Pemba, Tanga, Mwanza na kwingineko. Hao wafanyakazi wa hoteli ndio soko lenyewe. Wana mshahara, wana simu, na baada ya zamu hawana pa kwenda. Masika yakiingia, Aprili na Mei, hoteli nyingi hufunga, wapangaji hurudi kwao na biashara ya picha hulala. Ramadhani nayo ina utaratibu wake. Anayewekeza kwenye televisheni kubwa bila kuitazama kalenda hiyo atailipia deni bila mteja.

Mnyororo wenyewe ni mfupi. Kwanza yuko mwenye kompyuta na diski yenye maelfu ya faili, anayekopi muvi kwa bei ya sarafu. Mtaji wake mkubwa ni kujua wateja wanataka nini wiki hii. Kisha yuko mwenye kibanda umiza, chumba cha kuonyeshea video kwa kiingilio. Huyu kwa kweli anaishi kwa mpira wa Uingereza, na filamu ni za kujazia siku ambazo Arsenal na Manchester United hawachezi. Kati yao amekaa mtafsiri, ambaye haonekani lakini jina lake huuza kuliko la mwigizaji. Dar es Salaam kazi hii ilipata sifa kupitia Derek Gaspar Mukandala, maarufu Lufufu. Kenya wana DJ Afro, na Uganda wana VJ Jingo na wenzake wanaotafsiri kwa Kiganda. Mteja wa kibandani haulizi picha ni ya Tom Cruise au ya nani. Anauliza katafsiri nani.

Anayevuna kuliko wote siku hizi ni muuza bando. Kila filamu inayopakuliwa, kila kipande kinachotazamwa kwenye simu, kimelipiwa kwa kampuni ya mtandao kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwenye king'amuzi naye kapata sehemu yake: Azam walipoleta tamthilia za Kituruki zikizungumzwa kwa Kiswahili, watu wazima ambao hawajawahi kukanyaga kibandani walikaa nyumbani kuzifuata. Pale ndipo ilipoonekana kwamba lugha ina bei.

Unguja haikuwa hivi. Hassanali Adamji Jariwalla alianza kuonyesha picha mjini mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1921 ukafunguliwa ukumbi wa Royal, Vuga. Royal uliungua, na mwaka 1955 mahali pale pale pakasimama Majestic. Pamoja na Empire na Sultana, mji mdogo kama ule ulikuwa na majumba matatu kwa wakati mmoja. Tiketi za picha za Kihindi zilikuwa zikilanguliwa, na watu walivaa wakapendeza kwenda senema. Awaara ya Raj Kapoor iliwaliza watu kuliko cowboy yeyote wa Kimarekani. Baadaye Zanzibar ikapata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Bara walisubiri hadi 1994. Kisha zikaja deki za video. Majestic ilibaki gofu, na wahifadhi wa Mji Mkongwe wakatafuta njia ya kuifufua.

Siwalaumu walioacha kwenda senema. Lakini jumba lilipoondoka liliondoka na kitu kimoja ambacho Hollywood bado inakitegemea: kioo kikubwa. Sinema za bajeti kubwa zimepigwa kwa ajili ya ukuta mzima. Ukizileta kwenye inchi 32, penye taa ya nje na kelele za feni, sehemu kubwa ya zile fedha haionekani. The Batman ya 2022 ni dakika 176 za mvua na giza. Kibandani nusu yake ni kioo cheusi chenye sauti za ngumi. Avatar: The Way of Water, ya mwaka huohuo, ilimpeleka James Cameron kwenye miamba ya baharini, jambo ambalo mtu wa Kiwengwa ana haki ya kulihukumu, kwa kuwa mwamba anauona kila maji yakitoka. Hukumu yangu ni kwamba bahari ile kaitengeneza kwa heshima, lakini kwenye televisheni ndogo inabaki buluu tu na hadithi nyembamba. Duniani iliingiza zaidi ya dola bilioni 2.3. Fedha hizo zililetwa na miwani ya 3D na kumbi kubwa, wala si mazungumzo yake.

Hesabu ya studio ni kali kuliko inavyodhaniwa. Karibu nusu ya fedha za mlangoni hubaki kwa wenye kumbi, na matangazo hulipiwa mbali. Kwa hiyo watu wa biashara hiyo husema picha lazima irudishe mara mbili hadi mbili na nusu ya gharama ndipo ianze kuleta faida. Mwaka 2023 kipimo hicho kiliwaumbua wengi. Indiana Jones and the Dial of Destiny iligharimu karibu dola milioni 300 na kuingiza takriban milioni 384. The Marvels iliishia kama milioni 206, kiwango cha chini kuliko picha zote za ukoo wake wa Marvel. Mwaka huohuo mgomo wa waandishi na waigizaji ulisimamisha kazi kwa miezi. Marekani na Kanada, ambako kumbi ziliuza tiketi za zaidi ya dola bilioni 11 mwaka 2019, hazikufika bilioni 9 mwaka 2024.

Sababu moja naiona kutoka kwenye benchi la kibandani. Avengers: Endgame ya 2019 ilikuwa ya 22 katika mfululizo wake, na ilikusanya karibu dola bilioni 2.8. Ilistahili, maana watu walikuwa wameisubiri. Lakini zilizofuata zinamtaka mtazamaji awe amesoma darasa zima, pamoja na tamthilia za kulipia. Mlinzi aliyetoka zamu saa mbili usiku hana muda wa darasa hilo. Mtafsiri mwenyewe huanza kukisia, na akikisia anaigeuza picha kuwa kichekesho. Picha iliyogharimu dola milioni 200 inauzwa kwa vichekesho vya mtu ambaye hayumo ndani yake!

Linganisha na John Wick. Mwaka 2014 alianza na jambo ambalo halihitaji mkalimani: wamemuulia mbwa wake. Sehemu ya nne, ya 2023, iligharimu kama dola milioni 100 na kuingiza takriban milioni 440, na kibandani haichoshi. Top Gun: Maverick nayo ni hivyo hivyo: rubani, kazi ya hatari, muda mdogo. Karibu dola bilioni 1.5. Hata Oppenheimer, saa tatu za watu wakizungumza vyumbani, iligharimu milioni 100 tu na kuvuka milioni 950, ingawa sijaona mtafsiri aliyethubutu kuibeba vizuri. Na Wajapani wakatoa Godzilla Minus One kwa fedha zilizoripotiwa kuwa chini ya dola milioni 15, ikatwaa Oscar ya madoido ya picha Machi 2024. Baada ya hapo ni vigumu kumwambia mtu kwamba milioni 300 zilikuwa za lazima.

Zanzibar yenyewe ina mfano wa namna filamu inavyoleta fedha kwa njia nyingine. Farrokh Bulsara, aliyekuja kuwa Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946. Bohemian Rhapsody ya 2018, filamu ya maisha yake, ilipita dola milioni 900, lakini haikupigwa Unguja. Faida iliyofika huku ilipita mlango wa nyuma: mwaka 2019 likafunguliwa jumba la makumbusho la Freddie katika barabara ya Kenyatta, wageni wakaongeza kituo kimoja kwenye matembezi ya mji. Filamu ya Royal Tour ya Rais Samia Suluhu Hassan, iliyozinduliwa New York Aprili 2022, ilifuata hesabu hiyo kwa makusudi: picha haiuzwi, inauza vitanda. Mwenye hoteli Kiwengwa analielewa hilo haraka kuliko mwenye kibanda.

Na picha zetu? Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021. Tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza 1998, huleta filamu Ngome Kongwe kila mwaka na limewahi kuzipeleka hadi vijijini. Baada ya tamasha, mtu wa shamba atazipata wapi picha hizo kihalali, kwa Kiswahili, kwa bei ya sarafu? Hapo ndipo haramia anaposhinda. Hamshindi msambazaji kwa bei. Anamshinda kwa kuwapo.

Ziko taasisi mbili za kulishughulikia hili: COSOZA, yenye dhamana ya hakimiliki Zanzibar, na BASSFU, inayosimamia sanaa na sensa ya filamu. Msako hautasaidia, flashi inaingia mfukoni. Kinachohitajika ni leseni ndogo ya mwaka kwa vibanda, inayolipika kwa simu, yenye orodha ya picha halali zilizotiwa Kiswahili na watafsiri wanaolipwa na kutambuliwa. Waanze na picha za nyumbani na za zamani ambazo wenyewe hawazichumi tena. Hollywood itakuja ikiona fedha zinakusanyika, kama wauza bando walivyokuja.

Nawe msomaji, kama una siku ya mapumziko na nauli ya boti kwenda kwenye kumbi za Dar es Salaam, zile za James Cameron na za ndege za kivita zinastahili safari, kwa sababu huku hazionekani. Za mashujaa wenye majoho, ngoja zifike kwenye king'amuzi.