Je, Wajua? Kitambi cha Afande na Mchanga wa Matema

Je, wajua kwamba kutembea kwenye mchanga unaotitia hula nguvu zaidi ya mara mbili ya kutembea kwenye ardhi ngumu kwa mwendo uleule? Afande aliyekuja likizo Kyela, akifika ufukwe wa Matema, hana haja ya kulipia jimu.

Je, wajua kwamba jeshi lililopita kwetu 1916 lilihangaishwa na kukonda, si kunenepa? Mwezi Mei, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Jenerali Northey wa Uingereza walivuka kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, wakawanyang'anya Wajerumani Neu Langenburg, yaani Tukuyu. Chakula chao kilibebwa na wapagazi, tengatenga. Piga hesabu: mtu ana kilo 25 za unga kichwani, anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, amefikisha kilo moja tu!

Je, wajua kwamba kupungua ni rahisi kuliko kubaki umepungua? Kuruti mnene akiingia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoanzishwa Julai 10, 1963, mchakamchaka wa alfajiri humnyoosha. Kazi huja akishaajiriwa na kuwekwa ofisini: mchakamchaka umebaki kambini, tonge ni lilelile. Mwanamume wa kilo 70 hutumia kalori 70 hivi kukimbia kilomita moja. Kijiko kikubwa cha mawese kina kalori kama 120. Na nani Kyela huhesabu vijiko mgeni anapopakuliwa wali na samaki aina ya mbasa?

Kufunga kula nako kuna mtego wake. Mwaka 1945, huko Minnesota, Marekani, vijana 36 waliokataa kushika silaha vitani walijitolea kuishi na njaa kwa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzito, na miili yao ikaanza kubana matumizi kama mama mwenye pesa kidogo sokoni. Waliporudi kula watakavyo, mafuta mwilini yalizidi hata ya mwanzo. Afande anayejinyima wiki mbili kabla ya kupimwa afya anacheza mchezo huohuo.

Je, wajua kwamba mwaka 2023 jeshi la nchi kavu la Marekani lilianza kumpima askari aliyezidi uzito kwa utepe mmoja tu, tumboni usawa wa kitovu? Kabla ya hapo wanaume walipimwa na shingo pia, na mwenye shingo nene alipata nafuu.