Mlima Mfupi, Safari ya Haraka: Kutoka Mkongani Hadi Lenana (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita nilieleza jinsi kundi letu lilivyoundwa: walimu, wauguzi, muuza nazi mmoja na vijana wa jamaa zao, wote wa Mkongani na vijiji jirani, waliochangishana katika chama mpaka ikapatikana nauli na ada ya kupanda Mlima Kenya. Wasomaji walionitafuta baada ya makala ile waliuliza swali moja kwa maneno tofauti. Je, mtu wa pwani, aliyekulia karibu na usawa wa bahari, ana mapafu ya kufika huko?

Anayo, na si jambo la jana. Mwezi Agosti 1871 Charles New, mmishenari wa Kimethodisti aliyekuwa akiishi Ribe, alipanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji. Waliomsindikiza walishindwa mmoja baada ya mwingine kwa baridi na kukosa pumzi. Aliyefika naye kwenye theluji alikuwa Tofiki, mtu aliyetoka naye huku pwani. Miaka 28 baadaye Halford Mackinder alipouendea Mlima Kenya, msafara wake ulikuwa na Waswahili 66. Vitabu vinamtaja Mackinder na waongozaji wake wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, waliofika kilele cha Batian Septemba 1899. Wapagazi waliowafikishia mizigo mpaka chini ya mlima hawakuachiwa hata jiwe lenye jina lao.

Kwa hiyo asili ya mtu si kizuizi. Kinachowaumiza wengi ni mwendo, na hapo ndipo ninapotaka kukaa leo.

Tuanze na hewa yenyewe. Watu husema juu mlimani "oksijeni imeisha". Haijaisha. Hewa ya Lenana, kilele cha Mlima Kenya tulichokiendea, ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na ya ufukwe wa Diani. Kilichopungua ni kanieneo, yaani ule uzito wa hewa iliyo juu yetu unaoisukuma oksijeni kuingia mapafuni na kuvuka hadi kwenye damu. Kwenye mita 4,985, urefu wa Lenana, kanieneo ni zaidi ya nusu kwa kidogo tu ukilinganisha na huku baharini. Unavuta pumzi ile ile, unapata karibu nusu.

Mwili hauketi ukatazama. Kwanza unahema haraka na moyo unapiga mbio. Lakini kuhema sana kunatoa kabonidioksidi nyingi mno, damu inapoteza asidi yake, na ubongo ukiona hivyo unaamuru pumzi ipunguzwe, hasa usiku. Ndipo figo zinapoingia kazini: zinatoa ile alikali iliyozidi kupitia mkojo ili mtu aweze kuendelea kuhema vya kutosha. Kazi hiyo huchukua siku, haimalizwi kwa saa chache. Anayetoka hemani mara tatu usiku kwenda haja ndogo, huku akilalamikia baridi, apewe pongezi. Mwili wake unajifunza mlima. Kuongezeka kwa chembe nyekundu za damu, ambako ndiko watu wengi hukufahamu, huchukua majuma, na kwa safari ya siku tano kunasaidia kidogo sana.

Mvutano huo wa pumzi ndio unaoleta kioja cha usiku wa pili. Jirani yako hemani anahema kwa nguvu, kisha anapunguza, kisha ananyamaa kabisa kwa sekunde kadhaa, halafu anashtuka na kuanza upya. Kati yetu walikuwapo waliosoma Yasini kimoyomoyo kwa ajili ya mwenzao aliyelala salama salimini. Katika miinuko hiyo hali hiyo ni ya kawaida na peke yake si ugonjwa.

Sasa linganisha na Himalaya, ambako Wakenya nao wameanza kwenda; James Kagambi alisimama kwenye kilele cha Everest Mei 2022 akiwa na umri wa miaka 62. Watembezi wa kawaida hawaendi huko juu, huishia kambi ya chini ya Everest, mita 5,364. Kutoka uwanja wa ndege wa Lukla huchukua kiasi cha siku nane kufika, nao hulala usiku mbili katika mji wa Namche, mita 3,440, ili mwili uzoee. Kabla hawajafika, wanapita kijiji cha Pheriche, ambako shirika la Himalayan Rescue Association, lililoanzishwa 1973, huweka madaktari katika misimu ya utalii, na kazi yao mojawapo ni kuwaketisha wapita njia na kuwaeleza haya ninayoyaeleza mimi.

Sisi je? Unapanda treni Mombasa, unalala Nairobi. Kesho yake unafika Nanyuki, unaingia lango la Sirimon lenye mita 2,650, na jioni unaweka mzigo kambi ya Old Moses, mita 3,300. Siku ya pili ya mlima unapita bonde la Mackinder, bonde zuri lenye lobelia ndefu na pimbi wasioogopa watu, unafika kambi ya Shipton, mita 4,200. Alfajiri inayofuata unaamshwa saa nane ya usiku uende Lenana. Mtu aliyekuwa Msambweni akila samaki wa kupaka Jumatatu anajikuta karibu mita 5,000 Ijumaa asubuhi. Mlima wetu ni mfupi kuliko ile ya Nepal, na kwa sababu ni mfupi tunaukimbilia.

Kanuni ya madaktari wa milima ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Kutoka Old Moses hadi Shipton ni mita 900 kwa mkupuo mmoja. Ratiba hiyo imevunja kanuni kabla hata hujafunga kamba za viatu.

Dawa yake ni rahisi na inagharimu pesa: ongeza usiku. Laleni Old Moses mara mbili. Siku ya kati pandeni kwa saa kadhaa, kisha rudini kulala pale pale. Au pandeni kwa njia ya Chogoria, upande wa mashariki, ambako unaweza kulala karibu mita 2,950, kisha Ziwa Ellis karibu mita 3,500, kisha Ziwa Michaelson karibu mita 4,000. Kwa kundi la pwani mimi ningeichagua hiyo, na Sirimon ningeiacha iwe ya kushukia. Kampuni nyingi hupanga kinyume chake, kwa kuwa Sirimon ni fupi na mteja hutazama bei.

Mazoezi? Yafanyeni, lakini msidanganyike. Tulikuwa tukipanda vilima vya Shimba kila wikendi, na miguu ilikaza kweli. Shimba haifiki mita 500. Mapafu hayajui kama umepanda. Hata Vuria kule Taita, yenye mita 2,200 na ushei, inakujulisha baridi tu. Tena nguvu za mwili hazimkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Kijana mchezaji mpira huumwa zaidi ya shangazi yake, kwa kuwa shangazi anatembea taratibu naye ametangulia kuwahi picha.

Ugonjwa wenyewe huanza na kichwa kuuma, kisha kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usioeleweka, kukosa hamu ya kula. Ukikaa hapo hapo ulipo, kwa kawaida hupungua baada ya siku moja au mbili. Ukiendelea kupanda unaweza kugeuka kuwa mojawapo ya mambo mawili yanayoua: maji kujaa mapafuni, ambapo mtu hukosa pumzi hata akiwa ameketi na hukohoa povu, au ubongo kuvimba, ambapo hupepesuka na kuongea visivyoeleweka. Kwa hayo mawili tiba ya kwanza ni kushuka, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Dawa ya acetazolamide, maarufu kama Diamox, husaidia figo kufanya ile kazi niliyoieleza, na daktari anaweza kukuandikia kabla ya safari ikiwa huna mzio wa dawa za salfa. Haikupi ruhusa ya kukimbia.

Yote haya yameandikwa vitabuni. Lisiloandikwa vya kutosha ni jinsi kundi linavyoyavuruga. Madaktari waliochunguza vifo vya watembezi wa Nepal katika miaka ya 1980 na 1990 waliona jambo la kustaajabisha: waliokufa kwa ugonjwa wa mwinuko walikuwa zaidi wale waliosafiri katika makundi yaliyopangwa, ingawa makundi hayo ndiyo yenye waongozaji, wapishi na dawa. Msafiri wa peke yake akiumwa kichwa huagiza chai na kulala siku nzima. Aliye kundini hutazama ratiba, huwatazama wenzake, hunyamaza.

Kwetu sisi kuna ziada mbili. Ya kwanza ni pesa ya chama. Mtu aliyechangishiwa na watu nyumbani anaona kurudi nyuma ni kama kula amana. Ya pili ni adabu. Usiku wa kwenda Lenana, mzee wetu, mwalimu mkuu mstaafu anayeheshimiwa na kata nzima, alikuwa akitembea kama mtu aliye juu ya sitaha ya jahazi kusi likivuma. Waliokuwa nyuma yake walimwona. Mmoja alisema "Pole, mzee", mwingine akamshika mkono kwa heshima, safari ikaendelea. Nani atamwambia mwalimu wake kwamba anapepesuka? Aliyesema ni mpagazi kijana wa Nanyuki, asiyemjua wala kudaiwa naye heshima zaidi ya salamu. Alimsimamisha: "Mzee, samahani. Hebu tembea hapa, kisigino kwenye kidole, hatua kumi." Mzee hakumaliza hatua tatu. Akashushwa usiku ule ule na watu wawili hadi Shipton, kulipokucha wakaendelea hadi Old Moses, na alasiri alikuwa ameketi juani akibishana juu ya mtaala mpya.

Mpagazi yule alitufunza kipimo kisichohitaji daktari, na kinachofaa kufanyiwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, kila jioni, ili asiwepo wa kujiona ameonewa. Mengine yakubalianeni mkiwa bado Kwale, vichwa vikiwa na akili timamu: nani ana neno la mwisho la kumrudisha mtu, nani atashuka naye, pesa yake itahesabiwaje. Huko juu si mahali pa kufanyia mkutano. Ubongo uliokosa oksijeni hauna habari kwamba umepungukiwa. Humhakikishia mwenyewe kuwa yu mzima. Na mgonjwa asiachwe ashuke peke yake, hata akiapa.

Kuhusu chakula nitapita haraka. Kwenye mita 4,200 maji huchemka yakiwa na nyuzi 86 hivi, kwa hiyo maharagwe hayaivi na wali huchukua muda. Bebeni tende, kashata, mahamri makavu. Hamu ya chakula ikikimbia, kitu kitamu bado hupita kooni. Kunyweni maji mpaka mkojo uwe mweupe. Waislamu wa kundi waliuliza juu ya udhu kwa maji yenye barafu: mtu anayehofia madhara ana ruhusa ya kutayamamu, na msafiri ana ruhusa ya kupunguza swala. Kibla ni kaskazini, kama nyumbani. Safari yenyewe msiiweke Ramadhani.

Nimebakisha jambo ambalo vitabu vya Himalaya hulitaja kwa sentensi moja, na ambalo kwa watu wetu lingefaa kuwa la kwanza. Pwani ina malaria, na palipo na malaria kwa karne nyingi pana selimundu, hali ya damu inayorithiwa. Utafiti wa Kilifi umeonyesha kuwa takriban mtu mmoja katika kila saba amerithi nusu ya hali hiyo, yaani kutoka kwa mzazi mmoja. Hao huitwa wabebaji. Si wagonjwa, wengi hawajui hali yao, na nusu hiyo huwakinga na malaria kali utotoni. Lakini oksijeni inapopungua sana, chembe za damu za mbebaji zinaweza kujikunja na kuziba mishipa ya bandama. Dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, na mara nyingi hudhaniwa ni gesi au msuli. Si kila mbebaji hupatwa. Walio wengi hupanda na kushuka bila neno. Ila anayejijua ataelewa maumivu yale ni nini na atashuka mapema, ilhali asiyejijua atapewa dawa ya tumbo na kuambiwa ajikaze. Mwenye ugonjwa kamili wa selimundu asipande kabisa.

Kabla ya kununua jaketi, basi, ulizeni kipimo cha damu hospitalini Kwale au Msambweni, na majibu mpeni kiongozi wa kundi kwa siri. Jaketi zenyewe, glavu, na bei za mitumba ya Kongowea ukilinganisha na za kukodisha Nanyuki, ni habari ya juma lijalo.