Pesa za mkweche: nani hufaidi serikali ikinunua gari kuukuu?

Magari mengi yanayopita Garsen, pale barabara ya Malindi na Garissa inapokutana na ile ya Lamu, yalianza kazi Japani. Kenya hairuhusu gari la mitumba lenye umri wa zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini, kwa hiyo Probox inayoshushwa bandarini Mombasa huwa bado na nguvu zake. Huzunguka kwanza mijini, ikauzwa, ikauzwa tena, hadi siku moja iko Tana River inabeba abiria, magunia ya mchele na mbuzi. Gari ambalo mwenyewe wa kwanza kule Nairobi angeliita mkweche, huku ni mtaji wa familia nzima.

Ndiyo maana Garsen ni mahali pazuri pa kuipimia hoja ambayo imezijaribu serikali nyingi: kumlipa mwananchi aachane na gari lake kuukuu anunue jipya, kwa imani kwamba uchumi utachangamka.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Marekani. Julai 2009, uchumi ukiwa umezorota na kampuni za magari zikiyumba, serikali ya Rais Barack Obama ilianza kumpunguzia dola 3,500 au 4,500 kila aliyesalimisha gari linalobugia mafuta na kununua jipya lenye matumizi nafuu. Dola bilioni 1 za mwanzo zilimalizika kwa takriban wiki moja, Bunge likaongeza bilioni 2. Mpango ulipofungwa mwishoni mwa Agosti, magari karibu 680,000 yalikuwa yamesalimishwa, na injini zao hazikutakiwa kunguruma tena. Fundi alimwaga oili, akatia mchanganyiko wa silikati ya sodiamu, kisha akawasha injini na kuikanyagia mafuta. Joto lilipokausha maji, mchanganyiko ule uliganda kama kioo katikati ya vyuma, na baada ya dakika chache injini ilikwama isifufuke.

Mauzo yalipanda kweli. Lakini wachumi Atif Mian na Amir Sufi walipolinganisha miji yenye mikweche mingi na ile yenye michache, waligundua kwamba magari ya ziada yaliyonunuliwa, kama 370,000 hivi, yalikuja kufidiwa na upungufu wa mauzo uliofuata. Kufikia Machi 2010, miezi 7 tu baada ya mpango kwisha, faida yote ilikuwa imeyeyuka. Watu walikuwa wameharakisha manunuzi waliyokwisha kuyapanga. Utafiti mwingine, uliotumia takwimu za Texas, ulionyesha kwamba karibu asilimia 60 ya ruzuku iliwafikia watu ambao wangenunua gari katika miezi ileile hata bila kulipwa senti. Tena, kwa kuwa masharti yaliwasukuma wanunuzi kwenye magari madogo na ya bei nafuu, kampuni zilizokusudiwa kuokolewa zilipata mapato madogo kuliko ambavyo zingepata.

Ujerumani ilitumia euro bilioni 5 mwaka huohuo, euro 2,500 kwa kila gari lenye umri wa miaka 9 au zaidi. Chama cha wapelelezi wa nchi hiyo kilikadiria kwamba magari hadi 50,000 yaliyopaswa kuvunjwa yalipenyezwa Afrika na Ulaya Mashariki. Mkweche wenye soko hauvunjwi kirahisi.

Sababu yake huonekana katika gereji yoyote ya kando ya barabara. Gari likichoka, fundi wa jua kali hulichambua kipande kwa kipande. Injini huhamia gari jingine, milango na vioo vikauzwa kama spea. Ekseli na magurudumu mawili huchomelewa fremu na kuwa mkokoteni wa punda, ule unaochota maji na kubeba kuni. Mabaki huuzwa kwa kilo. Januari 2022, serikali ilipopiga marufuku biashara ya chuma chakavu baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, waliokula kupitia mabaki hayo walikaa bila riziki kwa miezi kadhaa. Anayeiua injini nzima kwa makusudi huikata safu hiyo yote ya riziki, na hasara yake haionekani katika takwimu za mauzo ya magari mapya.

Hata hivyo, serikali kununua kitu kilichochoka si lazima iwe hasara, na wafugaji wa Tana River wanalijua hilo. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na serikali ikaanza kununua mifugo iliyodhoofika kupitia shirika la nyama la KMC. Ng'ombe aliyekonda hangoji: leo ana bei, baada ya wiki mbili ni mzoga. Akinunuliwa mapema, mfugaji hupata fedha za unga, nyama huliwa, na nyasi chache zilizosalia hubakia kwa mifugo yenye nguvu. Ukame ule uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini. Penye lawama ni kwamba ununuzi wa namna hii huchelewa, nao hufikia sehemu ndogo tu ya mifugo.

Tofauti iko hapo. Ng'ombe yule angekufa bila pesa za serikali. Probox ingeendelea kubeba watu miaka mingine 5 au 10.

Kwa Kenya kuna tatizo jingine zito. Ruzuku ya Ujerumani iliweza walau kurudi katika viwanda vya Ujerumani. Ya Kenya, kama ingelipwa bila masharti, ingepita Mombasa na kuishia Japani, huku serikali ileile ikiwa imepandisha ushuru wa magari yanayoagizwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mwezi Julai 2023. Kumtoza mtu mlangoni kisha kumrudishia dirishani kunawanufaisha wenye uwezo wa kununua gari jipya, na hao Garsen ni wachache mno.

Palipo na hoja nzuri ni kwenye usalama wa abiria. Mwaka 2006 Afrika Kusini ilianza kuwalipa wenye matatu kuukuu randi 50,000 kwa kila gari lililovunjwa. Kazi ilikwenda polepole kuliko ilivyopangwa, kwa kuwa fedha hizo zilikuwa kidogo mno mbele ya bei ya gari jipya na salio lilibidi likopwe. Mwaka 2019 malipo yalipandishwa hadi randi 124,000. Hazina ya Kenya ikitaka kujaribu, ianzie kwenye mabasi na matatu mabovu ya njia kama Malindi–Garsen, ilipe kiasi kinachotosha kuwa malipo ya kwanza ya mkopo, na idai gari jipya liwe limeundwa humu nchini, mathalani katika kiwanda cha AVA kilichoko Mombasa. Cha kuharibiwa kiwe chasisi peke yake. Injini, gia na ekseli waachiwe mafundi.