Naam na Ndiyo: Ufaraguzi katika Biashara na Uongozi, kwa Kuitazama Utange

Ufaraguzi, yaani ustadi wa kutunga na kuigiza papo kwa papo bila ya andiko, ni jambo lililozoeleka kwa wanafunzi wa fasihi simulizi ya Kiafrika. Ambalo pengine hawakulitazamia ni kuuona ustadi huo ukifundishwa katika vyumba vya mikutano vya makampuni, mameneja wakivua koti na kurushiana mipira isiyoonekana, kwa madai kwamba mchezo huo huwafanya wauzaji bora na viongozi wasikivu zaidi. Mafunzo ya namna hiyo yalianzia ng'ambo na sasa yamekwisha kufika Afrika ya Mashariki. Makala haya hayakusudii kuyabeza. Yanakusudia kuchunguza kanuni yake kuu inapata maana gani inapotiwa katika Kiswahili, na hasa katika Kiswahili cha watu ambao soko lao na baraza lao vimejaa ufaraguzi tangu zamani. Mfano utakaotumiwa ni Utange, kitongoji cha Kisauni katika bara ya kaskazini ya Mombasa.

Yafaa kwanza kueleza asili ya mafunzo yenyewe. Viola Spolin alianza kubuni michezo yake huko Chicago, Marekani, akifanya kazi na watoto na watu wazima wa mitaa ya wahamiaji, wengi wao wakiwa hawana lugha moja. Kitabu chake kilitoka mwaka 1963. Kabla ya hapo mwanawe, Paul Sills, alikuwa amekwisha kuipeleka michezo hiyo jukwaani, kwanza katika kundi la Compass mwaka 1955, kisha katika Second City mwaka 1959. Huko London, Keith Johnstone alifuata njia yake mwenyewe katika ukumbi wa Royal Court, na kitabu chake, Impro, kilichapishwa mwaka 1979. Kutokana na mikondo hiyo miwili yalizuka mambo mawili ambayo wakufunzi wa biashara huyashika kama msahafu. La kwanza ni kwamba mchezaji hukubali analoletewa na mwenziwe, kisha akaliongeza. Akilikataa, mchezo hufa papo hapo. La pili, ambalo ni la Johnstone hasa, ni kwamba katika kila mazungumzo watu hupandishiana na kushushiana hadhi, kwa sauti, kwa macho, kwa namna ya kukaa, wala hapana mazungumzo yasiyo na upande.

Kanuni ya kwanza hufupishwa kwa maneno mawili, na mfasiri wa haraka huyafanya kuwa "ndiyo, na...". Hapa ndipo shida inapoanza, na ni shida ya lugha kabla haijawa ya biashara.

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kuitikia, wala hayabebi mzigo mmoja. Mama amwitapo mwanawe wa kiume, huitikia "naam". Wa kike aghalabu husema "labeka" au "bee". Aitikiaye hivyo hajakubali jambo lolote, kwa sababu hajaambiwa jambo. Amejulisha tu kwamba amesikia, yupo, na sikio lake liko wazi. "Haya" huenda hatua moja mbele: msemaji anaruhusu shughuli iendelee, hata kama moyoni ana lake. "Ndiyo" ndiyo ithibati ya maudhui yenyewe. Ni kweli kwamba "naam" pia hutumika kuthibitisha, hasa katika usemi wa heshima, lakini hata hapo haipotezi harufu ya mwito na mwitiko. Mgawanyo huu wa kusikia na kukubali ni mali ya lugha, na mfasiri anayeyaunganisha yote mawili katika "ndiyo" huwa ametupa kitu ambacho Kiingereza hakikuwa nacho kwa wepesi huo. Kanuni ya Spolin na wenziwe, ikitazamwa vizuri, haimtaki mchezaji aafiki maoni ya mwenziwe. Inamtaka apokee hali iliyokwisha kuumbwa mbele yake. Tafsiri iliyo karibu zaidi na kusudio hilo ingekuwa "naam, na...".

Biashara ndogo ya Utange huonyesha jambo hili bila ya mkufunzi. Wanawake wengi wa vitongoji vya Kisauni hununua mboga, matunda na nazi katika soko la Kongowea, soko ambalo limebeba jina la kale la Mombasa yenyewe, kisha huja kuuza kwa rejareja vibarazani na kando ya njia. Chukua mfano wa mnunuzi anayeinua nazi na kusema, "Nazi zako ndogo, mwanangu." Mchuuzi mchanga hujibu, "Si ndogo," na mazungumzo yamekwisha, kilichobaki ni ubishi. Mchuuzi aliyekomaa husema, "Ndogo, mama, na tui lake zito. Kubwa mwachie anayetaka maji." Amepokea neno "ndogo" kama lilivyo, akalijengea juu yake, na ule udogo uliokuwa dosari sasa ni sifa. Bei haikushuka hata senti. Tena itazamwe hadhi: mnunuzi amejipandisha kwa "mwanangu," na muuzaji hakugombea ngazi hiyo. Ameikubali kwa "mama," akauza kutoka chini. Mnunuzi akiomba nyongeza, aombaye sasa ni mama, na atoaye ni mwana; ngazi imepinduka bila ya mtu yeyote kuvunjiwa heshima.

Biashara ya nazi, hata hivyo, ni jambo jepesi. Katika Mombasa kuna mapatano mazito zaidi yanayofanywa kwa mdomo, nayo ni yale ya nyumba bila ardhi. Mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine, akalipa kodi ya ardhi, na usalama wake wote hutegemea uhusiano wake na mwenye kiwanja au wakili wake. Mzozo wa ardhi katika pwani ya Kenya una mizizi mirefu, tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilipowapa baadhi ya watu hati na kuwaacha wengine, Wamijikenda wengi wakiwamo, wakiwa kama wageni katika makao yao. Kisauni imelibeba tatizo hilo kwa miaka mingi. Utange yenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilipokea pia kambi ya wakimbizi kutoka Somalia, kambi ambayo ilifungwa katika miaka hiyo hiyo. Kwa hiyo mkazi wa hapa amelazimika kujua kusema na mwenye ardhi, na chifu, na mgeni, na diwani, kila mmoja kwa hadhi yake, bila ya kuwa na karatasi ya kusoma. Kwake ufaraguzi si burudani ya mwisho wa wiki.

Je, fasihi ya pwani inasema nini juu ya ustadi huu? Inasema jambo ambalo vitabu vya Chicago na London havikulitilia mkazo. Katika majibizano ya mashairi, mtunzi anayejibu huyachukua mapigo ya mwenziwe: mizani ile ile, na mara nyingi vina vile vile, hata kibwagizo. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) alirushiana tungo za siasa na washairi wa Lamu katika zama za vita baina ya miji hiyo, na ukali wa maneno haukuwaondolea wajibu wa umbo. Ni kweli kwamba tungo hizo hazikuwa za papo kwa papo, kwani zilisafiri kwa jahazi na mtu alipata muda wa kufikiri. Lakini katika kibati cha Unguja na Pemba waimbaji hujibizana pale pale, kwa kasi, ngoma zikipigwa, na asiyeweza kujibu huonekana na wote. Katika sanaa hizi mbili mshindani hukubali umbo ili apate haki ya kupinga maudhui. Anayeacha mizani ya mwenziwe hahesabiwi kuwa amepinga. Huhesabiwa kuwa hakusikia.

Hii ndiyo tofauti inayostahili kuzingatiwa na kila anayetaka kuutumia ufaraguzi katika uongozi. Katika nchi ambazo wafanyakazi wamezoea kumbishia mkubwa, kuwafundisha kukubali kwaweza kuwa dawa. Afrika ya Mashariki ina ugonjwa wa upande wa pili. Msemo wa "ndio mzee" umekuwa kejeli inayojulikana kila mahali, na mwaka 2001 Professor Jay wa Tanzania aliufanya kuwa jina la wimbo juu ya mwanasiasa na ahadi zake. Mkufunzi anayeingia katika ofisi ya namna hiyo na kuwaambia karani na dereva kwamba kanuni ni kusema "ndiyo" daima, amewafundisha walilolijua tangu siku ya kuajiriwa. Meneja atacheka nao asubuhi nzima, mipira isiyoonekana itarushwa, na alasiri hakuna atakayemwambia kwamba hesabu yake ya mafuta ya magari haiingiani.

Historia ya jukwaa la Afrika ya Mashariki inaonyesha kwamba wenye mamlaka waliitambua nguvu ya jibu mapema kuliko wafanyabiashara. Huko Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, mwaka 1977, mchezo wa Ngaahika Ndeenda ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulifanyiwa mazoezi hadharani, na wanakijiji walilisahihisha andiko kwa yale waliyoyajua wao juu ya kazi, mishahara na nyimbo. Mchezo ulifunguliwa mwezi wa Oktoba. Mwezi wa Novemba ulipigwa marufuku, na kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Upande wa Tanzania, Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi huko Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, wanakijiji wakiigiza matatizo yao wenyewe, yakiwamo mimba za wasichana wa shule, na kuyajadili baada ya maigizo. Augusto Boal wa Brazil alikwenda mbali zaidi. Mtazamaji wake huruhusiwa kusimamisha mchezo, kuingia mahali pa mchezaji na kujaribu njia nyingine. Naye alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro tangu 1993 hadi 1996, alitumia maigizo hayo kukusanya mapendekezo ya sheria, na 13 kati yake yakapitishwa.

Katika mifano hiyo yote ustadi haukutolewa kwa kiongozi ili aseme vizuri zaidi. Ulitolewa kwa wale wanaoongozwa ili waweze kumjibu, na kiongozi naye ajifunze kubaki jukwaani anapojibiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, imeutaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Lakini mkutano wa hadhara, Utange na kwingineko, bado hufuata mpango wa baraza la kikoloni: meza mbele, hotuba ndefu, na maswali machache jua linapokuwa limekwisha kuinama. Mpango huo hauna nafasi ya mtu kuchukua vina vya msemaji na kumrudishia.

Zoezi la kuanzia lingeweza kuwa dogo. Chama cha akina mama, ambacho tayari kina mwenyekiti, mweka hazina na ugomvi wake wa kawaida juu ya zamu za mchango, kingechukua kikao kimoja cha kuigiza mapatano ya kodi ya ardhi. Mwanachama mmoja awe mwenye kiwanja, na yeyote mwenye jibu bora aruhusiwe kumwondoa mpangaji na kukaa mahali pake. Sharti liwe moja tu: kila jibu lianze kwa kurudia neno alilolitumia mwenye kiwanja, kama mshairi anavyochukua kina, na hapo ndipo mtu apinge. Shida ya kwanza ya zoezi hilo inajulikana na kila aliyewahi kuendesha maigizo ya kijiji. Wa kuigiza upangaji hujitokeza wengi. Wa kukaa katika kiti cha mwenye kiwanja na kukubali kujibiwa mbele ya majirani hutafutwa, na mara nyingi kiti hicho huangukia kwa mwenyekiti mwenyewe.