Clement Gillman, Mpima Maji ya Tanganyika

Njia ya zamani ya misafara, itokayo Bagamoyo kupita Tabora hata Ujiji, ilifuata maji. Palipokuwa na kisima palikuwa na kambi. Lakini kati ya Ugogo na Unyamwezi ilikuwako pori ya Mgunda Mkali. Huko wapagazi walifanya terekeza: waliondoka alasiri na vibuyu vilivyojaa, wakalala pasipo maji, na kesho yake asubuhi wakayafikia.

Mtu aliyelichungua jambo hili katika nchi nzima ni Clement Gillman. Alizaliwa mwaka 1882, akajifunza uhandisi Zurich, akaja huku mwaka 1905 katika kazi ya kujenga Reli ya Kati. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Garimoshi nalo lilihitaji maji kama mpagazi. Kwa hiyo mhandisi hakuweza kutojali visima. Baadaye Gillman akawa Mhandisi Mkuu wa reli za Tanganyika.

Mwaka 1936 alitoa ramani ya makao ya watu. Ilionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu walikaa katika sehemu moja tu ya kumi ya nchi, maana ndiko kwenye maji ya kudumu. Baadaye akawa mshauri wa serikali katika mambo ya maji. Alifariki mwaka 1946.

Tabora hupata mvua ya kiasi cha milimita 900 kwa mwaka, nayo si haba. Ila karibu yote hunyesha tangu Novemba mpaka Aprili, kisha jua hukausha nchi miezi sita. Basi anayehesabu mvua peke yake hudanganyika. Na apime pia yaliyobaki mwezi wa Oktoba.

Wakulima wa mpunga wa Unyamwezi nao wana elimu yao: huinua matuta kuzunguka majaruba mbugani, na udongo mzito huzuia maji yasipotee mpaka mpunga uive.

Nanyi wanafunzi, chukueni kamba yenye jiwe, mpime kina cha maji ya kisima mwezi wa Mei na tena Oktoba, mwandike hesabu kila mwaka. Kijiji kikitaka kuongeza nyumba au ng'ombe, kiitazame kwanza hesabu ya Oktoba. Kijiji kisichojua hesabu hiyo huijua siku watu wanapohama kwa kiu.