Zirkoni: Jiwe Zuri, Lakini Si Almasi

Ndugu wanavikundi, siku ya soko hapa Sondu huwezi kukosa kitu: ng'ombe, mahindi, vyungu, na pengine mtu mwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni. Akiifungua, ndani mna jiwe linalometameta. "Mama, hii ni almasi. Nauza rahisi kwa sababu nina shida." Kabla hamjafungua sanduku la kikundi, tuelewane kwanza kuhusu zirkoni.

Zirkoni ni jiwe la kweli, linatoka ardhini. Liko la kahawia, jekundu, la manjano na la kijani. La buluu mara nyingi lilikuwa la kahawia, likachomwa kwa moto mkali. Lisilo na rangi ndilo huchanganywa na almasi, maana linang'aa sana.

Tofauti ni hizi:
1. Zirkoni ni nzito kuliko almasi ya ukubwa uleule.
2. Ukiitazama ndani kwa lenzi, kingo za upande wa nyuma huonekana mbili mbili. Almasi haifanyi hivyo.
3. Kingo zake humeguka upesi, hata mawe yakisuguana tu ndani ya karatasi.

Lakini angalieni! Kingo zikionekana moja moja, bado si ushahidi kwamba ni almasi. Kioo nacho kiko hivyo, na mawe ya kiwandani pia.

Zamani watu wa Ulaya waliamini kwamba zirkoni huleta usingizi na hekima, na humkinga msafiri na tauni. Wataalamu wengine husema huenda ndiyo hiakintho inayotajwa katika Ufunuo 21. Hadithi ni tamu, lakini hadithi hailipi mkopo wa kikundi.

Hapa Kenya, zirkoni ilichimbwa Kwale kuanzia 2013 hadi 2024. Hiyo ilikuwa punje ndogo za mchanga, na zirkoni ya namna hiyo hutumika kutengeneza vigae, si pete. Mawe ya kutosha pete hupatikana Tanzania, kama vile Tunduru.

Basi tufanyeje? Kwanza, mwulizeni muuzaji leseni, maana Sheria ya Madini ya 2016 inaidai kwa anayefanya biashara ya madini. Pili, jiwe lipimwe na mtaalamu ambaye si rafiki yake. Akikataa, mwacheni aende zake. Tatu, asitoe mtu hata shilingi ya kikundi kabla ya mkutano kukubali na katibu kuandika.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.